Uhuru Mnaouimba ni wa Nani? Barua ya Majilio

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako ilinifikia katikati ya juma la pili la Majilio, majira ya kuingojea Krismasi, nami nimeisoma mara tatu. Kila nikifika mahali unaposimulia jinsi mlivyokwenda na kwaya kuwaimbia wafungwa, naacha kusoma na kukaa kimya. Unasema mliimba nyimbo nne uani mwa gereza, wasikilizaji wakiwa wameketi chini kwa safu, na kwamba mlipomaliza ule wa mwisho unaotangaza kukatika kwa minyororo, mahabusu mmoja wa makamo, ambaye kesi yake imeahirishwa mara nyingi hata ameacha kuhesabu, alikusogelea akakuuliza kwa adabu kabisa, bila kejeli yoyote: "Mwalimu, uhuru huo mnaouimba ni wa nani?" Ukafungua kinywa, ukakosa la kusema, kengele ikalia, mkaondoka. Sasa unataka kujua mimi ningemjibu nini.

Nitakuambia kweli. Ningemjibu upesi, tena ningemjibu vibaya. Ningemwambia kwamba uhuru wa kweli ni wa rohoni na kwamba mtu anaweza kuwa huru hata akiwa nyuma ya nondo. Maneno hayo yana ukweli wake, nami nitayarudia baadaye. Lakini yakitamkwa na mtu ambaye baada ya nusu saa atapita langoni na kwenda zake, akimwambia mtu atakayebaki ndani, yanakuwa jiwe mahali pa mkate. Kunyamaza kwako kulimheshimu kuliko ambavyo ufasaha wangu ungemheshimu, kwa hiyo usijilaumu.

Hata hivyo swali lake halipaswi kuachwa bila jibu, maana ni swali la Krismasi yenyewe. Tangu siku niliyoipata barua yako nimekuwa nikisoma kila asubuhi wimbo wa Zakaria katika sura ya kwanza ya Luka, nikimfikiria huyo ndugu. Kuhani yule mzee naye alikuwa amefungwa kwa namna yake. Kinywa chake kilizibwa siku alipoyapokea maneno ya malaika kwa mashaka, akakaa bubu miezi yote ya mimba ya mkewe Elisabeti, akizungumza na watu kwa ishara za mikono, na hata siku ya kumpa mtoto jina ilimbidi aombe kibao aandike. Ndipo ulimi wake ukafunguliwa. Mtu aliyenyimwa sauti kwa muda mrefu kiasi hicho hatamki ovyo, nami huangalia kwa makini alichagua kutamka nini: "Atukuzwe Bwana, Mungu wa Israeli, kwa kuwa amewajia watu wake, na kuwakomboa."

Angalia mfuatano wa vitenzi hivyo viwili. Kuwajia kumetangulia, kuwakomboa kumefuata. Mungu hakutuma amri kutoka mbali kwamba milango ifunguliwe, kama mfalme anayetia sahihi hati ya msamaha bila kuondoka mezani, alikuja kwanza. Sisi tuliopewa neno Majilio tunapaswa kulisikia jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa neno lenyewe limezaliwa na kitenzi kile kile cha kuja. Mwishoni mwa wimbo Zakaria anarudi hapo hapo, akisema kwamba mwangaza utokao juu "umetufikia", ili kuwaangaza "wakaao katika giza na uvuli wa mauti". Wakaao: neno hilo hunisimamisha. Mtu apitaye gizani bado anaitegemea miguu yake, anapapasa, anaamini kwamba mbele kuna mlango. Aliyekaa amekwisha kuacha kutafuta njia. Umeniandikia kwamba wasikilizaji wenu walikuwa wameketi chini kwa safu, na nilipoisoma sentensi hiyo nilihisi kwamba Zakaria aliwaona.

Maneno hayo hakuyatunga mwenyewe. Aliyarithi kwa Isaya, katika ile sura ya tisa tunayoisoma kila usiku wa Krismasi hadi tumekuwa hatuisikii tena: "Watu wale waliokwenda katika giza wameona nuru kuu." Tunaisoma kana kwamba giza hilo ni mfano tu wa huzuni za moyo. Isaya alikuwa na ramani mbele yake. Anaitaja nchi ya Zabuloni na nchi ya Naftali, yaani Galilaya, na Kitabu cha Pili cha Wafalme kinaeleza yaliyoipata: Tiglath-pileseri, mfalme wa Ashuru, aliiteka nchi hiyo mnamo mwaka 732 KK na kuwahamisha wenyeji wake mpaka Ashuru. Hao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Israeli kufungwa nira ya mgeni, na ni kwao nabii anaahidi kwamba nuru itaangaza. Mathayo hakulisahau jambo hilo. Alipoandika kwamba Yesu alihamia Kapernaumu na kuanza kuhubiri, alisema wazi kwamba neno la Isaya juu ya Zabuloni na Naftali limetimia. Bwana alikwenda kuanzia kazi mahali ambapo taa ilizimwa mapema.

Kuna jambo jingine katika sura hiyo ambalo nimelipita miaka mingi bila kuliona, nami naomba uniruhusu nikae nalo kidogo. Baada ya kutaja nuru, Isaya anasema kwamba nira ya mzigo, na gongo la bega, na fimbo ya mwonevu zimevunjwa "kama katika siku ya Midiani". Siku ya Midiani ni habari ya Gideoni. Unaikumbuka tangu utotoni: jeshi la watu 32,000 likapunguzwa, 22,000 wakarudi makwao kwa hofu, 10,000 wakabaki, na hao nao wakapunguzwa tena hadi 300. Kisha hao 300 wakapewa silaha za ajabu, yaani baragumu, mtungi mtupu, na mwenge ndani ya mtungi. Wakaizunguka kambi ya adui mwanzo wa zamu ya kati ya usiku, na mpaka dakika ile ya mwisho hakuna aliyeweza kuona nuru yoyote, kwa sababu ilikuwa imefichwa ndani ya udongo. Mitungi ilipovunjwa, mienge ikaonekana pande zote, na wale waliolionea taifa zima kwa miaka saba wakakimbia. Basi Isaya anapotaka kueleza jinsi nuru na uhuru vinavyofuatana, mfano anaouchagua ni huo wa moto uliobebwa katika vyungu, mikononi mwa watu wachache mno, usioonekana mpaka kitu kivunjike. Mtume Paulo naye anaandika kwamba Mungu aliyesema nuru ing'ae toka gizani ameng'aa mioyoni mwetu, na papo hapo anaongeza kwamba hazina hiyo tunayo katika vyombo vya udongo.

Sasa rudi Bethlehemu. Kaisari Augusto ametoa amri watu wote waandikwe. Sisi tulio nje huisoma amri hiyo kama utangulizi tu wa hadithi, lakini wafungwa wanajua maana ya kuhesabiwa. Huhesabiwa asubuhi na kuhesabiwa jioni, na mtu akihesabiwa hivyo anajua kwamba yu mali ya mwingine. Dola la Roma lilikuwa likihesabu watu ili lijue limiliki nani na litoze nani. Ndani ya hesabu hiyo, katika safari ya kulazimishwa, Mariamu akazaa, akamzungushia mtoto nguo za kitoto, akamlaza katika hori ya ng'ombe. Mungu alikubali kuwa namba moja zaidi katika daftari la Kaisari. Ningekuwa na nafasi ya kusema neno moja tu kwa huyo mahabusu, labda ningemwambia hilo: kwamba Bwana wetu alizaliwa wakati wa kuhesabiwa, akalala akiwa amefungwa vitambaa, asiweze kunyosha mkono.

Lakini najua utanishika hapo, na ni haki yako. Utasema kwamba kuja peke yake hakutoshi, na kwamba mtu anayenitembelea shimoni bila kunitoa amenizidishia uchungu. Nakubali, na ndiyo maana siridhiki na wahubiri wanaoifanya habari hii yote kuwa ya moyoni tu, kana kwamba Isaya alipotaja fimbo ya mwonevu alimaanisha mawazo mabaya. Sam Sharpe hakuisoma Biblia hivyo. Alikuwa mtumwa huko Jamaika, shemasi wa Wabaptisti, mwenye kujua kusoma, na aliwafundisha wenzake kwamba mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Walipanga kwamba mapumziko ya Krismasi ya mwaka 1831 yatakapokwisha, hawatarudi mashambani mpaka walipwe ujira kama watu huru. Usiku wa tarehe 27 Desemba moto uliwaka katika shamba la Kensington, juu ya kilima, mambo yakatoka mikononi mwa waliotaka mgomo wa amani, na mamia ya watumwa wakauawa, wengine katika mapigano na wengine kwa kunyongwa. Sharpe mwenyewe alinyongwa tarehe 23 Mei 1832. Mwaka uliofuata bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni, sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Agosti 1834, ingawa uhuru kamili ulisubiri hadi tarehe 1 Agosti 1838. Wale watu waliisikia habari ya Krismasi, wakaelewa kwamba aliyekuja hakuja kuibariki minyororo yao. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, ambaye nitamrudia hapo chini, hangewashangaa, wala Isaya. Niseme nini mimi, niliyeisikia habari hiyo hiyo nikiwa nimeshiba, na kwangu ikabaki wimbo tu?

Hapa nafika mahali panaponiuma, nami sitaki kukuficha. Yule mtoto ambaye Zakaria alimwimbia akiwa na siku nane, yaani Yohana Mbatizaji, alikua, akahubiri jangwani, akamkemea Herode kwa ajili ya mke wa ndugu yake, akatupwa gerezani. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, ameandika kwamba alifungwa katika ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Kutoka humo Yohana aliwatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yule ajaye, kitenzi cha baba yake, sasa kikiwa swali. Huko Nazareti Yesu alikuwa amesoma hadharani kwamba ametumwa kuwatangazia wafungwa kufunguliwa kwao. Lakini jibu alilompelekea Yohana lilitaja vipofu, viwete, wenye ukoma, viziwi, wafu na maskini, na halikutaja wafungwa. Mtu aliyeyajua maandiko kama Yohana hakukosa kuliona pengo hilo. Kisha yakafuata maneno haya: "Naye heri awaye yote asiyechukizwa nami." Hakuna mlango uliofunguliwa. Kilichoingia siku moja ni upanga.

Kwa hiyo simwahidi mahabusu wako kwamba Krismasi itamtoa. Tumaini letu halitabiri tarehe ya hukumu, na anayelihubiri hivyo anawadanganya watu ambao wamedanganywa vya kutosha. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba safari ya huyo ajaye haikukoma kwenye hori. Naye alikamatwa usiku, akafungwa mikono, akasimamishwa mbele ya hakimu aliyejua hana hatia na bado akamtoa. Luka, aliyetuambia kwamba alizaliwa akazungushiwa vitambaa na kulazwa, anatuambia pia kwamba alipokufa alizungushiwa sanda ya kitani na kulazwa. Wachoraji wa picha takatifu za Makanisa ya Mashariki waliliona jambo hili zamani, ndiyo maana katika picha zao za Noeli mtoto amelazwa ndani ya pango jeusi, na hori yake inafanana na jeneza la jiwe. Alikwenda mpaka chumba cha ndani kabisa, kile chenye jiwe, muhuri na walinzi, ambacho hakuna mtu aliyewahi kutoka. Na chumba hicho kilifunguka yeye akiwa ndani. Yohana aliuawa akiwa na swali mdomoni, lakini jibu lake lilikuwa njiani kumjia.

Nilisema nitarudi kwenye uhuru wa rohoni, nami nitaugusa kwa ufupi, kwa kuwa ni mahali ambapo kusema mengi ni rahisi mno. Waebrania sura ya pili inasema kwamba Mwana alishiriki damu na nyama ili awaache huru wale ambao maisha yao yote, kwa hofu ya mauti, walikuwa katika hali ya utumwa. Wimbo wa Zakaria nao unataja kumwabudu Mungu "pasipo hofu", na malaika huanza na "msiogope" hata kabla ya kutaja habari njema. Askari anayefunga lango na mfungwa aliye nyuma yake wanaweza kuwa watumwa wa hofu ile ile. Ndiyo sababu naamini kwamba wimbo wenu ulikuwa wa kweli pale uani, kwa pande zote mbili za nondo, ingawa hamkuwa na muda wa kueleza.

Nikuambie kitu nilichokiona kwenye mkesha wa Krismasi mwaka jana. Taa zilizimwa kama kawaida, mshumaa mmoja ukawashwa mbele, na moto ukaanza kupitishwa mkono kwa mkono. Karibu nami alisimama mama mzee ambaye vidole vyake vilikuwa vikitetemeka, nta ikimdondokea kwenye kiganja. Mshumaa wake ulizimika. Akanigeukia, akauinamisha ule wake uliozimika juu ya wangu, akasubiri mpaka utambi ukashika, akasema ahsante mwanangu. Kabla ubeti haujaisha ukazimika tena, na akageuka tena, bila haya, bila kuomba radhi, kama mtu achotaye maji kisimani kwake. Mara ya tatu alisema kwa sauti ya chini, "Nisogelee, usikae mbali." Nikasogea mpaka mabega yetu yakagusana, na tukaimba hivyo hadi mwisho. Nimewahi kusikia mahubiri mengi juu ya nuru ya Krismasi. Wengine hueleza kwamba tarehe 25 Desemba iliwekwa kwa sababu ya majira ya giza, maelezo ambayo hayamsaidii mtu wa kusini mwa dunia, ambako Desemba mchana ni mrefu kuliko miezi yote. Lakini yule mama alinifundisha kwamba nuru hii hutaka ukaribu. Haimrukii mtu aliye mbali.

Basi, rafiki yangu, ushauri wangu ni kwamba urudi. Usirudi na kwaya, na usirudi tarehe 25, siku ambayo vikundi vitapanga foleni langoni na zawadi zao. Rudi mwezi Januari, wakati hakuna anayekwenda. Mtafute huyo ndugu, uketi chini kama anavyoketi, umwambie kwamba swali lake lilikushinda na kwamba bado unalo. Muulize kesi yake ni ya nini na imesimama wapi. Kanisani kwenu hakukosekani mtu anayeifahamu sheria, na kesi iliyosahauliwa wakati mwingine hukumbukwa kwa sababu tu kuna mtu aliyekwenda kuuliza karani. Fanya hilo kwa bidii, maana nira ni ya kuvunjwa. Lakini hata likikataa, usiache kwenda. Katika Mathayo 25 Bwana hasemi, nalikuwa kifungoni, mkanifungua. Anasema, "nalikuwa kifungoni, mkanijia." Amekitumia kitenzi kile kile cha Zakaria, na mara hii ametupa sisi tukifanye.

Ukipata ruhusa ya kuingia, niandikie tarehe mapema ili niombe siku mbili kazini. Nitakuja, tutakwenda pamoja. Na kuna kitu kimoja hukuniandikia, nami najua ni kwa sababu kengele ililia. Muulize jina lake, uniletee, nipate kumwombea kwa jina.

Wasalimu wote nyumbani, na wanakwaya mmoja mmoja.

Ni mimi ndugu yako katika Kristo.